Siku Baba Yako Alipoweka Bunduki Chini

Neema mwanangu,

Nimekusikia ukifunga zipu ya begi la mwisho na kuzima taa. Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako ili usiweze kutoka bila kuiona. Isome asubuhi kabla hatujaondoka. Usiisomee kwenye ndege, tafadhali.

Mambo ya koti zito, ya kodi ya nyumba, ya kula vizuri na kutochelewa kulala, sitayaandika. Umeishi na mimi miaka yote hii. Kama hukuyasikia, basi tena. Naandika kwa Kiswahili ingawa najua utasoma polepole na utanijibu kwa Kiingereza. Nikitumia Kiingereza huwa najikuta nasema "it's okay" hata pale ambapo hakuna kilicho sawa.

Nataka kukueleza habari za baba yako na zile bunduki. Nianze mwanzo, kwa sababu wewe unaujua mwisho tu, na huo mwisho wenyewe unaujua nusu.

Tulipokuwa bado wageni nchi hii, kwenye lile ghorofa la Thorncliffe Park, wewe ukiwa mtoto wa mgongoni, baba yako alikuwa mtu wa kucheka. Tulipopata nyumba huku Markham akanyamaza. Kazi yake kiwandani ilikuwa ya zamu, yangu ya ofisi, na tulikuwa tukipishana mlangoni kama wapangaji. Siku moja akarudi akasema mwenzake wa kiwandani, Walter, yule mzee unayemjua, amemkaribisha kwenye kilabu cha kulenga shabaha, kaskazini ya mji, huko kwenye mashamba.

"Twende wote," akaniambia.

"Bunduki? Mimi? Baba Neema, mimi nimekulia Singida. Bunduki niliyoiona ni ya askari wa benki."

"Jumamosi moja tu. Usipopenda hatutarudi."

Haikuwa Jumamosi moja. Kwanza ilibidi tusome kozi ya usalama, tufanye mtihani, halafu tusubiri leseni, na wakati wa kusubiri watu wa serikali wakawapigia simu wadhamini wetu kuuliza kama sisi ni watu wa amani. Mdhamini mmoja alikuwa Mama Glory wa kanisani. Ibada haijaisha, kanisa zima likawa linajua kwamba Mama Neema anataka bunduki. Mchungaji akanivuta pembeni kuniuliza kama nyumbani kuna ugomvi. Nilicheka mpaka nikaona aibu.

Walter ndiye aliyenilaza kwenye mkeka siku ya kwanza. Akaniambia nitoe pumzi, na kabla sijavuta pumzi nyingine, katika ule upenyo mdogo wa utulivu, ndipo nibonyeze. Nikabonyeza. Tulipokwenda kuangalia karatasi, matundu yangu yalikuwa yamekaa pamoja, ungeweza kuyafunika kwa kizibo cha soda. Ya baba yako yalikuwa yametawanyika kama mtu aliyemwaga mchele.

Ungemwona! Aliinua ile karatasi yangu juu, akawa anawaonyesha wazungu wale waliokuwa bado hawajui watusalimie vipi. "My wife! My wife!" Jumatatu akaipeleka kiwandani. Wapo wanaume ambao wangenuna. Yeye aliibandika kwenye kabati lake la nguo za kazi, na ilikaa pale mpaka alipoacha kazi.

Watu wanafikiri mchezo ule ni wa kelele na hasira. Sisi tulikwenda kutafuta kimya. Wiki nzima tunaweza kugombana kwa ajili ya bili au ndugu wa nyumbani wanaoomba msaada, lakini Jumamosi tunalala chini bega kwa bega, kila mtu na karatasi yake mbele, na inabidi moyo utulie, la sivyo hupati kitu. Tukirudi garini hasira imekwisha na hatukumbuki ilikuwa ya nini. Nimesikia watu wakifundisha ndoa kwenye semina. Mimi ndoa yangu ilikaa sawa pale kwenye mkeka, sijui kwa nini, na wala sikushauri ufanye kama mimi.

Kukusanya bunduki za zamani lilikuwa wazo lake. Babu yake alikuwa askari wa Mwingereza, akapelekwa vitani Bama katika vita kuu ya pili, akarudi Iringa na koti na kikohozi. Hakusimulia lolote la vita. Kitu pekee alichowaambia wajukuu ni kwamba bunduki ilikuwa nzito, na kwamba mvua ikinyesha alikuwa akiivika koti kwanza, yeye mwenyewe akilowa. Baba yako alitaka kuushika huo uzito. Tukampata mtu anayeuza moja, ya aina ile ile, kitako chake cha mti kimechakaa hadi kuwa laini kama mpini wa jembe. Akaipakata kwenye kochi jioni nzima. Baadaye ikaja nyingine, na nyingine. Tulikuwa tunakwenda kwenye minada ya vijijini, kwenye kumbi zenye harufu ya kahawa na nguo zilizoloa theluji, weusi ni sisi wawili tu. Wakulima walikuwa wanatukodolea macho mpaka baba yako aanze kuuliza maswali yake, kisha hawamwachi aondoke.

Bibi mmoja mjane alituuzia bunduki ya marehemu mumewe. Chini ya kitako palikuwa na jina la mume limekwaruzwa kwa kisu. Alituambia, "Msiiweke ukutani tu. Mpige nayo wakati mwingine." Basi tukapiga nayo. Baba yako kila alipoitoa alikuwa akimsalimia yule marehemu kwa Kiswahili: "Shikamoo mzee, tumekuja." Mimi nilikuwa namwambia aache, maana nilikuwa nasisimka mwili. Yeye akicheka.

Na wewe ulikuwa nasi. Unakumbuka? Ulikuwa unakaa ndani ya kilabu na vitabu vyako vya kupaka rangi, umevaa vile vya kuziba masikio, vyekundu, vikubwa kuliko kichwa chako. Hata ndani ulitakiwa kuvivaa, kwa amri ya baba yako. Alikuwa akitoka uwanjani kila baada ya muda kuja kuvikagua, anavibonyeza kwa vidole viwili, hivi, ndipo anakupa chokoleti yako ya moto. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba huyu Mwafrika hapigi shabaha, anapiga doria.

Mwaka ule Walter alipoumwa goti, wakaniomba niwe msimamizi wa uwanja siku za Jumamosi. Kazi yenyewe ni kutoa amri. Unasimama nyuma ya watu wote, unawaangalia, na ukipaza sauti "Cease fire!" kila mtu anaacha, awe ameshalenga, awe amebakiza nusu ya pumzi. Anatoa kidole, anavuta nyuma lile komeo la chuma ili risasi iondoke, anaweka bunduki mezani, anarudi hatua nyuma ya mstari. Hakuna kujadiliana. Ukishahakikisha kila bunduki iko tupu, unawaruhusu waende mbele kuangalia shabaha zao. Kwa miaka baba yako aliitii sauti yangu hiyo. Nyumbani alikuwa akisema, "Uwanjani wewe ni afande, hapa niachie hata rimoti."

Sasa nifike pale pagumu.

Kwanza alipiga kwenye karatasi ya jirani. Tukacheka. Halafu siku moja tukitoka kilabuni, njia ile ile ya miaka yote, akasimamisha gari kando ya barabara, akaniuliza, kwa upole sana, "Tunakwenda wapi vile?" Sikucheka. Nilihamia kwenye usukani na tangu siku hiyo nikawa mimi ndiye dereva. Akaanza kusafisha bunduki aliyoisafisha asubuhi. Akaanza kuniita jina la dada yake. Daktari akalipatia jina lile jambo tulilokuwa tunalijua, na akauliza kama kuna silaha nyumbani. Nikasema zimefungiwa kwenye kabati la chuma, na ufunguo ninao mimi. Na ilikuwa kweli. Ila nilijua kuna ufunguo wa pili mahali fulani, na kila nikiutafuta bila kuupata nilijiambia kwamba kama mimi siuoni, yeye atauonaje.

Walter aliniambia waziwazi kwamba sasa bunduki ziondoke nyumbani. "Tumaini, it's time." Nikamjibu, "Acha kiangazi kiishe."

Nikueleze kwa nini, siyo kujitetea. Mezani baba yako alikuwa hajui kijiko ni cha nini. Lakini ukimlaza kwenye mkeka ule, mikono yake ilikuwa bado haijaugua. Ilijua kila kitu. Anapumua, anatulia, anapiga, ananigeukia na kutabasamu, na kwa dakika zile nilikuwa na mume wangu. Nilikuwa naishi wiki nzima nikisubiri dakika hizo. Kiangazi kikaisha, na mimi nikanyamaza.

Siku yenyewe unaijua. Ulirudi kutoka chuoni bila kupiga simu, ukapitia mlango wa pembeni na kushuka moja kwa moja chumba cha chini, besimenti, na mfuko wako wa nguo za kufua. Mimi nilikuwa juu nakatakata sukuma wiki. Sikusikia kelele. Nilichosikia ni komeo la bunduki kwenda mbele, sauti ndogo tu, lakini nzito kidogo kuliko kawaida, jinsi inavyokuwa pale ambapo kuna risasi njiani. Nilitupa kisu na kukimbia, nikaishia katikati ya ngazi.

Ulikuwa umegandamiza mgongo kwenye mashine ya kufulia, umeukumbatia ule mfuko wa nguo kama utakukinga. Baba yako amesimama karibu na kabati lililo wazi, ufunguo ule wa pili ukiwa tunduni, shavu kwenye kitako, amekulenga. Alikuwa amesimama vizuri, Neema. Hilo ndilo linalonirudia. Hakutetemeka hata kidogo.

"Baba, it's me," ukasema. Halafu ukasema, "Baba, ni mimi."

Miaka mingi ulikuwa hujamsemesha Kiswahili.

"Kaa hapo hapo," akakwambia. Hakuwa anakujua. Aliona mtu tu, mtu aliyeingia nyumbani kwake.

Ningeshuka nisingefika. Ningemwita jina, angeshtuka, na kidole kilikuwa pale. Sikufikiri, nikuambie ukweli. Watu wa kanisani waliposikia walisema Mungu alinipa hekima. Sijui. Mimi nilifungua mdomo kupiga yowe, na kilichotoka ni ile sauti ya Jumamosi.

"Cease fire!"

Akatoa kidole. Akavuta komeo nyuma. Risasi ikaruka ikaanguka kwenye sakafu ya saruji na kubingirika mpaka kwenye kiatu chako. Akaweka bunduki mezani, mtutu ukielekea ukutani, akarudi hatua moja nyuma, mikono ikining'inia. Akasubiri. Halafu akakutazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Twende tukaangalie shabaha."

Ndipo ukakimbia. Ulinipita kwenye ngazi, mfuko ukanigonga goti, na mlango wa juu ukafungwa.

Najua maneno yale yamekukaa. Rafiki yako uliyekwenda kukaa kwake kwa muda baada ya hapo aliniambia kwamba ulikuwa ukiyarudia usingizini, kwa Kiswahili, naye hajui maana yake. Wewe ulisikia baba yako akikuita shabaha. Miaka hii yote nimetaka kukuambia kwamba hayo ndiyo maneno tunayoyasema kila Jumamosi baada ya amri ile. Bunduki zikishakuwa mezani, watu wanaambiana twende tukaangalie shabaha, wanatembea pamoja kwenye nyasi, wanapiga soga. Yeye hakuwa besimenti. Alikuwa uwanjani, na mimi ndiye niliyempeleka huko kwa sauti yangu.

Na hiki hapa ndicho usichokijua, kwa sababu ulikuwa umeshatoka.

Nilishuka nikaichukua bunduki. Nikakaa kwenye ngazi ya mwisho nayo mapajani. Baba yako akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa na wasiwasi usoni, ule wasiwasi wake wa zamani.

"Mama Neema," akasema, na alinijua, aliniita sawasawa. "Yule msichana aliyepita hapa ni wa nani? Hana kitu masikioni."

Nikaisogeza bunduki nyuma yangu.

"Neema wetu amevaa vya kwake?"

"Amevaa," nikasema.

"Umemkagua?"

"Nimemkagua, Baba Neema."

"Ngoja nikahakikishe mwenyewe," akasema, na akaanza kupanda ngazi taratibu, akishika ukuta, kukutafuta. Nilimshika suruali nikamzuia. Wewe ulikuwa huko juu unasikia hatua zake ngazini, na ukadhani anakufuata. Alikuwa anakufuata kweli. Alikuwa anakuja kukubonyeza masikio.

Nilijaribu kukuambia wiki ile, ukanikatiza, "Mom, please. Don't." Nikaona nikisema zaidi itakuwa kama namsafisha, kama nakuambia hukuona ulichokiona. Uliona. Bunduki ilikuwa na risasi na ilikuwa imekuelekea wewe. Hakuna mapenzi yanayofuta hilo, na mimi siombi ulifute. Nataka tu uvibebe vyote viwili, kwa sababu vyote viwili vilitokea katika chumba kimoja, muda ule ule mmoja.

Kesho yake Walter alikuja na gari lake kuzichukua zote. Nilidhani baba yako atapigana. Alimsaidia kuzipakia. Aliifuta kila moja kwa kitambaa cha mafuta, na akimkabidhi Walter anamwambia kwa Kiswahili, "Itunze." Walter hajui Kiswahili, lakini kila mara alijibu, "I will." Gari lilipoondoka baba yako akaniuliza mgeni yule alikuja kufuata nini. Walter alilia njiani, aliniambia mwenyewe.

Sijapiga risasi tena. Hakuna aliyenikataza. Milio haijawahi kunitisha, hata fataki za sikukuu nazitazama vizuri tu. Kinachonitisha ni vitu vidogo. Unakumbuka nilivyobadilisha vitasa vyote vya nyumba hii, ukaniuliza kwa nini wakati vya zamani ni vizima? Vilikuwa na mlio ule wa komeo. Na ofisini stepla yangu niliigawa. Ndotoni huwa sisikii mlio wala sioni moshi. Naota nakata mboga, tu, nakata mboga, na siteremki.

Kule anakolelewa sasa, baba yako haongei tena. Lakini mkono wake wa kulia hautulii. Unainuka kidogo, unavuta nyuma, unasukuma mbele, unashuka. Kisha tena. Muuguzi mmoja Mfilipino anayempenda sana anadhani alikuwa fundi cherehani, anamwita "my tailor" na kumpa vipande vya kitambaa avishike. Sijamsahihisha. Mimi nakaa pembeni yake na kuutazama ule mkono, na mara nyingine nikiona hakuna mtu karibu namwambia polepole, "Cease fire, Baba Neema." Unatulia. Muda mfupi tu, halafu unaanza tena. Sijui kama namfariji au namsumbua.

Wewe hujawahi kwenda kumwona, na mimi sijawahi kukuuliza. Kuna jamaa wa kanisani waliokusema, na niliwajibu vibaya kiasi kwamba Mama Glory hakunisalimia mwezi mzima. Usiondoke ukifikiri nilikuwa upande wao.

Kama kuna kitu nimejifunza ni kimoja, nacho nimekilipia wewe ukiwa umesimama mbele ya mtutu. Huko uendako utapata mtu. Siku utakapomwona anaanza kubadilika, na moyo ukakuambia ngoja kwanza, kwa sababu bado kuna saa moja kwa wiki ambapo yuko kama zamani, usingoje. Mwambie mtu, siku ile ile. Mimi niliipenda ile saa moja kuliko nilivyowaangalia ninyi wawili.

Na watu wakikuuliza habari za wazazi wako, usione haya kusema walikuwa wanalenga shabaha. Ilikuwa furaha yetu. Sitaki ibaki siku moja tu ya mwisho kana kwamba zile nyingine hazikuwepo.

Kesho kwenda uwanja wa ndege sitapita barabara kuu. Nitapita mtaa wa Steeles. Ile nyumba anakolelewa iko upande wa kulia, baada ya kituo cha mafuta, na asubuhi huwa wanamsogeza dirishani. Tutakuwa na muda wa kutosha, nimeshapiga hesabu. Pale nitapunguza mwendo. Ukisema simama, nitasimama. Usiposema kitu, nitaendelea kuendesha, na sitageuka kukutazama.

Mama yako